Siku ya Saini, Usiende Jikoni

Mwaka 2013 tulinunua ploti yetu ya kwanza hapa Busia, upande wa Uganda. Nasema "tulinunua", lakini pesa nyingi zilitoka kwenye mukene, wale dagaa wakavu niliokuwa nawavusha kwenda Kenya kwa magunia, narudi jioni nanuka hadi watoto wananikimbia. Siku ya makubaliano wakaja wazee: muuzaji, mashahidi, shemeji yangu mkubwa, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na muhuri wake ndani ya kaveera, ule mfuko wa plastiki. Wakaketi sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni.

Hakuna aliyenifukuza, na hapo ndipo nataka mnisikilize, dada zangu. Niliinuka mwenyewe kwenda kugeuza kuku. Nikasikia karatasi ikisomwa: jina la mume wangu, jina la kaka yake, mipaka, ule mwembe wa kona. Nikasikia muhuri ukigongwa mezani. Kisha nikaingia na birika na beseni, nikapiga magoti, nikawanawisha mikono.

Sina ugomvi na magoti. Mimi ni Msoga, mama mkwe wangu namsalimia hivyo mpaka leo na sijapungukiwa kitu. Kilichonipunguza ni ile karatasi.

Miaka sita baadaye mume wangu akaugua, madeni yakatuzidi, shemeji akaleta mnunuzi. Nikakimbilia kwa mwanasheria, maana nilikuwa nimesikia kwamba Sheria ya Ardhi ya 1998 inamkataza mume au mke kuuza ardhi ya familia bila mwenzake kukubali. Mwanasheria akaniuliza: mnaishi hapo? Hapana. Mnalima hapo? Hapana, tulikuwa tunasubiri pesa ya matofali. Akashusha pumzi. Sheria hiyo inalinda hasa mahali familia inapokaa na kupata riziki. Ploti tupu isiyo na jina langu ingenilazimu kuthibitisha kwamba nilichangia. Kwa risiti gani? Nani huandika risiti ya dagaa sokoni? Ploti ikauzwa.

Kwa hiyo, wewe unayenunua na mumeo: jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, na liwe kwenye mstari wa mnunuzi. Wengi hutulizwa kwa kuwekwa mashahidi, na shahidi hamiliki hata jani. Lipa sehemu yako kwa simu, ujumbe ule usiufute. Ondoka na nakala yako siku hiyohiyo, usiambiwe "utaipata kesho". Na mumeo mwambie mapema, mkiwa wawili, si mbele ya kaka zake. Wangu si mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia, hata mimi.

Watu hunijibu kwamba Uganda wanawake tumeshapanda. Kweli, Specioza Kazibwe alikuwa makamu wa rais tangu 1994, na mwaka 2021 makamu na waziri mkuu wote wawili walikuwa wanawake. Katiba ya 1995 inatupa theluthi ya viti kwenye mabaraza ya serikali za mitaa. Nimeketi kwenye kamati ndogondogo za hapa kwetu, najua kinachotokea: bajeti ikianza kusomwa, kuna mtu atasema soda zimechelewa, na macho yote yatamgeukia mwanamke mmoja. Hata kwenye kikundi chetu cha akiba, sanduku lina kufuli tatu na funguo tunashika wanawake, lakini nani akopeshwe kwanza, mara nyingi huamuliwa na mwanamume aliyesimama mlangoni.

Mwaka 2021 tukapata ploti nyingine, ndogo, karibu na barabara. Mwenyekiti, yuleyule, akatazama kuelekea jikoni akauliza, "Mama, leo tunakula nini?"

Nikamwambia chakula kinakuja na boda. Nikavuta kiti karibu na meza. Akafungua kalamu, akaniomba nimtajie jina langu herufi kwa herufi.