Ramani ya nyumba ya Kibaha

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Picha ya ramani uliyonitumia kwenye simu niliipata. Sikujibu siku ileile kwa sababu vipimo sikuweza kuvisoma kwenye kioo kile kidogo. Nilimtuma mdogo wako akanichapishie kwenye karatasi kubwa, na tangu hapo iko mezani, nimeiwekea vikombe kwenye pembe isijikunje.

Umeniuliza mambo mawili: kama vyumba vinne vyote viwe masta, yaani kila kimoja na choo chake ndani, kama mchoraji alivyowachorea, na sebule ikae wapi kwenye kiwanja chenu cha mita 20 kwa 25. Nitayajibu yote, ila nivumilie kwanza.

Unajua mimi si mchoraji. Ni seremala, na nimepachika milango katika nyumba za watu tangu mwaka 1983. Mpachika milango hufika kuta zimeshasimama na pesa zimeshakatika. Yeye ndiye anayegundua kwamba mlango ukifunguka unagonga kitanda, au kwamba mwenye kuketi sebuleni anakiona choo chote mpaka ndani. Nikimwonyesha mwenye nyumba, jibu huwa lilelile: "Fundi, we pachika tu." Angefanya nini? Tofali limeshalala. Kwa hiyo nimefurahi mno kwamba wewe umeuliza sasa, wakati kufuta ukuta ni kazi ya kifutio cha mtoto wa shule.

Chukua penseli, uchore juu ya ramani hiyo njia za miguu. Toka getini na gunia la mchele mpaka jikoni. Toka kitandani mpaka chooni saa nane usiku. Toka jikoni na ndoo ya taka mpaka nje. Toka chumba cha watoto mpaka kwenu, mtoto ana homa, umeme umekatika. Kisha mchore mgeni wa kiume aliyekaa sebuleni, anaomba msalani.

Mimi nimezichora zote. Gunia la mchele linakatiza sebule nzima, katikati ya makochi. Ndoo ya taka inarudi njia hiyohiyo, kwa sababu jiko halina mlango wa nje. Na yule mgeni, mwanangu, hana pa kwenda. Ili masta zitimie nne, choo cha korido kimeondolewa, kwa hiyo mgeni huyo ni lazima apitie chumba cha kulala cha mtu, aione kanga yako juu ya kitanda. Wazee wetu walijenga nyumba za Kiswahili kwa udongo na miti, vyumba vitatu huku, vitatu huku, korido katikati, lakini jambo hilo hawakulikosea. Mgeni alibaki barazani, wa nyumbani walikuwa uani, na kila mmoja alijua mpaka wake. Hata zile nyumba za mawe za Lamu, ukivuka daka, kile kibaraza cha mlangoni, njia inakata kona, ili wa barabarani asichungulie ndani mlango ukiwa wazi.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Bibi yako alipopooza upande mmoja wewe ulikuwa bweni, na ulipokuja likizo sisi tulikuwa tumeshazoea. Tulipata kiti cha magurudumu. Kikaingia mlango wa mbele, kikapita korido, kikafika mlango wa choo kikakwama. Mlango ule ulikuwa wa futi mbili, na niliutengeneza kwa mkono wangu mwaka 1991, mkongo mtupu, nikiona choo hakidai zaidi ya hapo. Chini kulikuwa na kizingiti cha nchi sita cha kuzuia maji. Basi ikawa mimi na mama yako tunambeba, na tusipokuwepo anatumia ndoo nyuma ya pazia. Bibi yako, aliyejisitiri maisha yake yote. Akaanza kupunguza kunywa maji ili asitusumbue. Mama yako ndiye aliyegundua, mimi sikujua. Nikabomoa ukuta, nikaweka fremu ya futi tatu, nikaisawazisha sakafu. Ilikuwa kazi ya siku tatu tu, mwanangu, na nilikuwa nimeiahirisha miezi. Choo kile alikitumia wiki tatu, akatangulia mbele ya haki.

Ndiyo maana nakwambia masta ziwe mbili. Moja yenu. Ya pili iwe karibu na mlango, pasiwe na ngazi hata moja kutoka nje mpaka kitandani, mlango wa chumba na wa choo chake iwe ya futi tatu, na ndani ya choo pabaki pa kugeuzia kiti cha magurudumu, yaani kama mita moja na nusu kila upande. Sakafu ya bafu iteremke taratibu kuelekea kwenye tundu la maji, msiweke kizingiti. Leo kitakuwa chumba cha wageni. Kesho kitakuwa cha mama mkweo, au changu, au chako mwenyewe ukivunjika mguu. Vyumba viwili vya watoto vitumie choo cha korido, kilekile cha mgeni. Hapo bafu na choo vitenganishwe kwa ukuta, kila kimoja na mlango wake. Asubuhi ya shule utanishukuru.

Na mkishaamua hivyo, angalia maji yanavyopita. Mchoraji ameweka choo kila pembe ya nyumba. Bomba la nchi nne linataka mteremko, na mafundi wengi huliteremsha sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja. Nyumba yenu ina urefu wa mita 16. Maana yake choo cha pembe ya mbali, bomba lake likifika upande wa pili limeshazama sentimita 40, halafu bado safari ya kwenda shimoni, na kila kona inadai chemba. Kusanyeni jiko, choo cha korido na choo cha masta moja upande mmoja, vikipeana migongo. Ukuta mmoja ubebe mabomba. Kikiziba kitu, fundi atajua pa kufukua.

Usisahau kibla. Huko kwenu, kama huku kwetu, ni kaskazini kabisa, hakipindi ila kidogo mno. Masinki ya vyoo yaangalie mashariki au magharibi, mtu asikielekee kibla wala kukipa mgongo akijisaidia. Mchoraji hakuuliza, na masinki mawili kwenye hiyo ramani yanaelekea kaskazini moja kwa moja.

Sasa jua. Masta yenu imewekwa magharibi, na dirisha la futi sita. Chumba hicho kitapikwa kila alasiri, na usiku ukuta utakuwa unawarudishia joto mmelala. Ilazeni nyumba ili pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini. Katikati ya mwaka jua huegemea kaskazini, Desemba huhamia kusini, lakini kwetu sisi saa sita huwa liko juu sana, na upenu wa futi tatu unasaidia sana kuzifunika kuta hizo. Ukuta wa magharibi hauna wa kuuokoa, jua linauingia limelala. Huko wekeni stoo, bafu, ngazi ya tenki, vitu visivyolala usingizi. Na kila chumba kipate madirisha kwenye kuta mbili ikiwezekana. Kaskazi inakuja na upande wake, kusi na wake, ila upepo hauingii mahali usipoona pa kutokea.

Hapo ndipo lile paa la kuficha bati mlilochorewa, lililozungushiwa ukuta juu, linaponitia wasiwasi. Ni zuri machoni, sitasema uongo. Lakini mkiuondoa upenu, kuta zinabaki kichwa wazi, jua lao na mvua yao. Na maji ya masika yote yanakusanyika kwenye mfereji nyuma ya ukuta, juu ya vichwa vyenu. Likianguka jani la mwembe likaziba, mtaona doa kwenye dari kabla hamjajua tatizo liko wapi. Nimeitwa nyumba za namna hiyo kubadilisha milango iliyovimba. Chukueni paa la kawaida la migongo michache.

Vipimo vya vyumba navyo vimenisumbua. Vya watoto vimeandikwa mita 3 kwa 3, lakini nikifuata mistari naona imepimwa katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta. Ukitoa tofali la nchi sita na plasta, ndani mnabaki na mita 2.8 hivi. Weka kitanda cha futi tano kwa sita na kabati lenye kina cha futi mbili, uone mtoto atasimama wapi kuvaa viatu. Chenu cha masta kisipungue futi 12 kwa 12 kwa ndani, kwa sababu najua mtaweka sita kwa sita. Kata vipande vya karatasi kwa kipimo kilekile cha ramani, tuseme sentimita moja kwa mita moja: vitanda, makochi, meza, friji. Vipange juu ya ramani, uvisogeze. Na kila mlango uchore unavyofunguka, mpaka ncha yake inapoishia.

Sebule sasa, maana nimeichelewesha. Ni mita 7 kwa 6, moja ya tano ya nyumba nzima, nanyi mnashinda kazini. Ipunguzeni iwe 5 kwa 4.5, ikae mbele upande wa mashariki, ishikamane na baraza ya kukaa watu wawili watatu jioni. Zile mita mtakazookoa zipelekeni nyuma. Jiko la ndani liwe la gesi na chai ya asubuhi, lakini mlango wake ufungukie baraza ya uani iliyoezekwa, yenye karo la kufulia na mahali pa jiko la mkaa. Samaki atakaangwa huko, nazi itakunwa huko, na watoto watakuwa huko muda wote kwa sababu wewe utakuwa huko. Ikija arusi au msiba, sufuria zitainjikwa uani, wanawake watapita ubavuni bila kuvuka mikeka ya wanaume. Basi acheni ubavu mmoja wa nyumba upitike na mtu aliyebeba sufuria kubwa akiwa na mwenzake, na umbali wa mpaka fuateni watakaowaambia halmashauri kwenye kibali. Ramani ya mwisho, baada ya sisi kuichezea, irudi kwa mbunifu aliyesajiliwa aichore sawasawa. Msimpe fundi karatasi yangu.

Kama pesa ni ya vyumba viwili tu kwa sasa, anzeni na chenu, chumba kile cha pili chenye mlango mpana, jiko na choo cha korido. Pale vitakapounganishwa vyumba vya watoto, wekeni lenta, yaani ule mkanda wa zege, juu ya mahali mlango utakapokuja, halafu mzibe chini yake kwa tofali. Siku ya kuongeza, mtatoa tofali hizo tu, nami nitaleta fremu.

Nakuja Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, insha Allah. Kamba ninazo, vigingi nachonga huku. Nyinyi nunueni chokaa mifuko miwili. Tutaweka pembe kwa tatu, nne, tano, kama nilivyokufundisha ulipokuwa unanishikia utepe, kisha tuichore nyumba yote chini, ukubwa wake halisi, na tutaacha nafasi za milango. Mumeo atabeba gunia toka getini. Wewe utalala panapokuja kitanda, ufumbe macho, uende chooni. Mimi nitakaa kwenye kiti panapokuja sebule, niombe msalani. Watoto waje nao, msiwaambie chochote, nataka kuona wanakimbilia upande gani.

Fundi wa msingi mwambieni asubiri mpaka Jumatatu yake.

Ni mimi baba yako.