Usisubiri Arudi Ndipo Mwachane

Mume wangu aliondoka kwenda Uingereza mtoto wetu wa pili bado ananyonya. Mwanzoni alipiga simu kila jioni. Ikawa kila Jumapili, ikawa sikukuu kwa sikukuu, mpaka siku moja simu yake ikapokewa na mwanamke. Nilipoamua kudai talaka, kila niliyemuuliza hapa Morogoro alinijibu lile lile: subiri arudi. Nikasubiri. Dada yangu unayesoma, miaka ile ya kusubiri inaniuma kuliko ndoa yenyewe.

Nilipochoka nikaenda baraza la usuluhishi. Likamwandikia barua tatu, na kila siku ya kikao nilikaa kwenye benchi peke yangu. Miezi saba ikapita hivyo! Hakuna aliyeniambia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, hiyo hiyo inayotaka wanandoa wapite barazani kwanza, katika kifungu cha 101 inamsamehe mtu ambaye mwenzake anaishi nje ya Tanzania na hatazamiwi kuingia nchini ndani ya miezi 6 baada ya shauri kufunguliwa. Nililisikia hilo kwa mwanasheria wa msaada wa kisheria. Kama ndiyo hali yako, lieleze kwenye maombi yako na uambatishe ushahidi. Mimi niliambatisha ujumbe wake mwenyewe aliosema hana mpango wa kurudi.

Wenzangu mliofunga ndoa ya Kiislamu huku Bara, akikutumia talaka kwa WhatsApp kutoka Muscat, usiufute ujumbe huo kwa hasira. Masheikh wana neno lao, lakini mgawanyo wa nyumba utaupata mahakamani, na ujumbe ule ni ushahidi. Zanzibar wana utaratibu wao kwa Kadhi.

Kabla hujatamka neno talaka, tafuta anwani anayoishi. Nakuomba sana. Mimi nilitamka kwanza, akahama, akabadili namba. Mahakama haiwezi kusikiliza shauri bila kuridhika kwamba mwenzako amepewa taarifa, kwa hiyo nikalazimika kuomba wito utangazwe gazetini. Hapo ndipo pesa na muda vilipokwenda. Siku ilipofika hakutokea, shauri likasikilizwa upande mmoja.

Nyumba ndiyo iliyoninyima usingizi. Tuliijenga Mkundi: yeye akituma hela, mimi nikisimamia mafundi, nikipika, nikichota maji ya zege. Nikasikia nduguye anatafuta mteja. Kumbe kifungu cha 59 cha Sheria hiyo hiyo ya Ndoa kinakataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na unaweza kuweka zuio kwenye ofisi ya ardhi ili kulinda haki yako. Niliweka zuio wiki ile ile, wewe weka mapema zaidi. Na mtu asikuambie kwamba hukuchangia kwa sababu hela ilitoka ng'ambo. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Hata hivyo beba risiti. Daftari langu la saruji na nondo, lenye sahihi za mafundi, lilinisaidia kuliko machozi.

Yeye naye anaweza kukutangulia akafungua shauri huko aliko. Bahasha ya mahakama ya huko ikikufikia, usiitupe ukidhani haikuhusu. Mpelekee mwanasheria siku hiyo hiyo, maana ukikaa kimya wataamua bila wewe.

Kuhusu matunzo ya watoto nitasema ukweli: amri tuliipata, hela haiji. Ndiyo maana niliipigania nyumba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa huku, mkono wa mahakama unapofika.

Hukumu ikitoka, hesabu siku 45 za kukata rufaa, kisha chukua nakala iliyothibitishwa uipeleke RITA, wakala wa serikali wa usajili, talaka isajiliwe. Yangu nimeihifadhi kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.