Kabla Hamjamwandikia Mlezi: Ya Kujifunza Katika Kazi ya Binti Mfalme Anne

Vyama vingi vya watu wa Afrika Mashariki hapa Uingereza, kuanzia vya kuzikana hadi vya kuwafundisha watoto Kiswahili siku za Jumamosi, hufika mahali vikataka kuwa na mlezi. Kikao kinaitishwa, na kabla chai haijamiminwa majina yameshaanza kutajwa: balozi mstaafu, mchezaji mpira, mbunge, mfanyabiashara aliyeko Dubai. Nimekuwa katibu wa chama cha namna hiyo kwa muda mrefu, nimeandika barua nyingi za kuomba walezi na wageni rasmi, na majibu ya kila aina nimeyapata. Ninachomshauri kiongozi yeyote anayetaka kuanza safari hiyo ni kwamba, kabla jina lolote halijaingia kwenye muhtasari wa kikao, atazame kwanza jinsi Binti Mfalme Anne, dada wa Mfalme Charles, alivyoifanya kazi ya ulezi kwa zaidi ya nusu karne. Simtaji kwa ajili ya ukoo wake, maana wapo wengi waliozaliwa katika majumba yaleyale ambao taasisi walizozilea hazina la kusimulia zaidi ya picha ukutani.

Anne alizaliwa London tarehe 15 Agosti 1950. Mwaka 1970, akiwa bado kijana, alikubali kuwa rais wa Save the Children, shirika la kusaidia watoto lililoanzishwa katika jiji hilohilo mwaka 1919, na wadhifa huo akaushika hadi mwishoni mwa mwaka 2016. Hata hapo hakuondoka, kwa kuwa mwaka uliofuata alikuwa mlezi wa shirika hilo, akiichukua nafasi ya mama yake, Malkia Elizabeth, ambaye kwa sababu ya umri alikuwa ameanza kuwaachia jamaa zake baadhi ya majukumu. Katika miaka hiyo yote shirika lilibadilisha wakurugenzi, lilibadilisha sera na nchi lilizofanyia kazi, lakini mtu aliyekuwa akiingia ofisini na kukumbuka kilichoahidiwa miaka kumi nyuma alikuwa yeye. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote ambayo mlezi anaweza kuiletea taasisi, na ndiyo tunayoisahau upesi tunapovutwa na jina linalong'aa msimu huu.

Mwanzoni hakupendwa sana na wanahabari. Mwaka 1971 alifika Kenya akifuatana na kipindi cha watoto cha BBC kilichoitwa Blue Peter ili kuonyesha kazi za Save the Children, na tangu enzi hizo wapiga picha walilalamika kwamba hawabebi watoto mbele ya kamera, hatabasamu akiombwa, na hana subira na wanaomzongazonga. Ziara yake ndefu ya mwaka 1982, iliyompitisha katika nchi kadhaa za Afrika zikiwemo Kenya na Somalia, iliwabadilisha wengi mawazo, kwa sababu waliomfuata walimwona akitembelea kambi na zahanati katika mazingira magumu, akisikiliza wauguzi na kuuliza juu ya chanjo na maji. Tabia yake haikuwa imebadilika. Waandishi ndio waliokuwa wameanza kuangalia jambo jingine.

Kinachonivutia zaidi katika kazi zake ni suala lisilo na mvuto wowote kwenye gazeti, nalo ni usafiri. Mashirika ya misaada yalikuwa yakinunua magari na pikipiki kwa ajili ya wahudumu wa afya vijijini, na baada ya muda mfupi vyombo hivyo vilikuwa vikilala kwa kukosa kichujio cha mafuta, mnyororo au fundi wa kuvikagua, na muuguzi akawa anarudi kutembea kwa miguu. Wakati huo shirika ambalo Anne alikuwa rais wake lilikuwa linashirikiana na watu wa mashindano ya pikipiki wa Uingereza, na baada ya baadhi yao kwenda Somalia na kuona pikipiki zilizotelekezwa, likazaliwa shirika la Riders for Health, ambalo kazi yake ilikuwa kuhakikisha vyombo vya wahudumu wa afya barani Afrika vinafanyiwa matengenezo kabla havijaharibika. Lingine ni Transaid, lililotokana na ushirikiano wa Save the Children na taasisi ya wataalamu wa usafirishaji ya Uingereza, ambalo kwa Tanzania limefanya kazi na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam katika mafunzo ya madereva wa magari makubwa. Anne alikuwa mlezi wa yote mawili. Fikirieni ni walezi wangapi mnaowajua ambao wangekubali jina lao liwekwe kwenye mradi wa kubadilisha oili.

Kwa hiyo, mnapojadili majina, acheni kujiuliza nani anafahamika, mjiulize nani huwa anauliza maswali. Chama chetu kiliwahi kutembelewa na naibu wa Lord-Lieutenant, yaani mwakilishi wa Mfalme katika kaunti yetu, mtu mzima ambaye hakuna aliyekuwa akimjua kwa sura. Tulikuwa tumeandaa sambusa, mahamri na ngoma ya watoto. Alikula, akapiga makofi, kisha akasimama karibu na mlango wa stoo akauliza ufunguo wa ukumbi hukaa kwa nani katibu akiugua. Hatukuwa na jibu la maana. Kabla hajaondoka ameshajua pia bima ya ukumbi inalipwa lini na watoto wangapi hurudi muhula wa pili. Nikamwambia mwenyekiti wetu jioni ile kwamba mlezi wa chama ni yule, na kwamba yule mtangazaji maarufu tuliyekuwa tunamfukuzia kwa mwaka mzima tumwache apumzike.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, maana huku ndiko viongozi wengi hupotea. Walezi wa ukoo wa kifalme hawaji na bahasha. Wanachokileta ni kwamba barua yenye jina lao juu hufunguliwa, na wafadhili huja siku wanayojua mlezi atakuwepo. Anne mwenyewe anajulikana kwa kubana matumizi: gauni la maua alilolivaa kwenye harusi ya kaka yake Charles na Diana mwaka 1981 alilivaa tena kwenye harusi ya ndugu yake mwaka 2008, na hakuona haja ya kulieleza. Mtakaomwalika mtu wa namna hiyo, msikodi mapambo kwa fedha ya watoto.

Siku ya ziara yenyewe ina taratibu zake. Tarehe 20 Machi 1974 mtu mwenye silaha aliliziba njia gari la Anne katika barabara ya The Mall, karibu na kasri la Buckingham, akitaka kumteka, akawapiga risasi watu wanne, miongoni mwao mlinzi wake na dereva wake. Wote walipona, na Anne alikataa katakata kushuka garini. Ulinzi uliongezwa baada ya tukio hilo. Ofisi ikiwaomba orodha ya majina ya wageni mapema, ipelekeni kama mlivyoombwa, na msimwongeze shemeji wa mtu asubuhi ya ziara. Mgeni hupitishwa kwenye vikundi vidogo vilivyosimama, kila kikundi na mtu wake wa kukitambulisha, ili azungumze na watu wengi kwa muda mfupi. Kwa desturi, mara ya kwanza huitwa Your Royal Highness na baada ya hapo Ma'am, na anayetaka kupiga goti kidogo hupiga, asiyetaka hushikana mkono tu akipewa. Jambo gumu kwetu ni meza kuu. Tumezoea hotuba inayoanza kwa kumtambua kila mwenye cheo ukumbini hadi mtu akumbuke kusema itifaki imezingatiwa, na hapo dakika kumi zimekwisha. Hotuba iwe moja na iwe fupi, na muda uliobaki wapeni wale mnaowahudumia wazungumze wenyewe.

Pia mfikirie kinachofuata mlezi akizeeka. Anne hakuwapa watoto wake, Peter na Zara, vyeo vya kifalme, na kila mmoja akaenda na shughuli zake. Zara alifuata farasi kama mama yake, ambaye aliishindania Uingereza katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976; Zara naye akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya London mwaka 2012 na akavishwa na mama huyohuyo. Taasisi ambazo Anne anazilea zinajua kwamba nafasi yake haina mrithi wa nyumbani. Nanyi msidhani kwamba mtoto wa balozi wenu atarithi ulezi wa baba yake. Andikeni kwenye katiba ya chama kwamba ulezi ni wa kipindi fulani na unaweza kuongezwa, ili siku ya kuachana isiwe siku ya kugombana.

Barua ya maombi isizidi ukurasa mmoja. Elezeni chama kinafanya nini kila wiki, kinamhudumia nani, na mnamwomba mlezi afanye jambo gani hasa, kwa mfano ziara moja kwa mwaka na kusoma taarifa ya mwaka kabla ya mkutano mkuu. Kama mnamtaka mtu wa ukoo wa kifalme aje kwenye shughuli yenu, anzieni kwenye ofisi ya Lord-Lieutenant wa kaunti yenu na muandike miezi mingi kabla, kwa sababu ratiba hupangwa mapema na Anne peke yake anahusiana na taasisi zaidi ya 300. Jibu mtakalopata mara nyingi litakuwa samahani lenye maneno ya heshima. Mkipewa naibu badala yake, mpokeeni kwa maandalizi yaleyale, mpeni taarifa ya mwaka aisome, na ufunguo wa ukumbi mjue uko kwa nani.