Kamera ya kupoza na betri ya kubeba: mmeuliza, najibu

Giza la mwezi limekaribia, tunaopiga picha nyota kando ya ziwa tumeshaanza kupanga safari, ndo maana wiki hii maswali yote ni ya umeme wa kamera ya kupoza, ile yenye kipozeo cha umeme ndani kinachopoza kihisi ili picha zisijae chenga.

Nina pawabenki ya 20,000 mAh, itaendesha kamera ya kupoza? (Igoma)
Haikufikishi mbali ndugu yangu. Hizo 20,000 zinahesabiwa kwa volti 3.7 za ndani, yaani wati-saa 74, na kuzipandisha mpaka volti 12 kunakula nyingine njiani, wakati kamera ikipoza kwa nguvu zote inavuta kama ampea 3, wati 36. Saa mbili hufikishi. Na ile USB inawasha kamera tu, kipozeo kinataka volti 12 zake.

Baba ana betri za taa za dagaa, niazime moja? (Igombe)
Mdogo wangu, wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani kipindi cha giza, mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika, na wewe nyota unazitaka giza hilohilo. Mzee ataihitaji usiku uleule unaoihitaji wewe, na hiyo ndo riziki ya nyumbani. Naomba sana usimguse, jipange ununue yako.

Piga hesabu hivi. Usiku wa nyuzi 20 weka kamera hasi 5, usiisukume mpaka hasi 15, chenga kwenye picha zitakuwa zimeshapungua sana na betri itapumua, tuseme inavuta ampea 2, mota inayofuata nyota 1, hita ya umande 1 (huku ziwani hita usiiache nyumbani kabisa, lenzi inalowa mapema mno). Jumla 4, mara saa 6 ni ampea-saa 24. Betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo tafuta ya 50. Lithiamu, zile za LiFePO4, unatumia mpaka asilimia 80 au 90, basi ya 30 inatosha na unaibeba kwa mkono mmoja. Bei iko juu ila mi ndo naipendekeza.

Betri imejaa lakini kipozeo kikiongeza nguvu kamera inajizima. (Nansio)
Angalia waya dada yangu, kabla hujamlaumu aliyekuuzia kamera. Yamenikuta, nilinunua waya mwembamba wa mita 3 nikapoteza usiku mzima mzuri, nyota zimejaa mpaka upeo wa ziwa, mi nahangaika na tochi. Waya wa milimita 0.5 za mraba, urefu huo kwenda na kurudi, kwa ampea 4 unapoteza karibu volti 0.8, na betri ya asidi ikishachoka kidogo kamera inapata 11 na ushee, hapo kipozeo kinagoma. Weka wa 2.5, hasara inashuka mpaka kama 0.17. Na fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na chanya ya betri, tafadhali, shoti ya betri inachoma gari zima.

Nitumie inveta na adapta ya ukutani?
Usifanye hivyo. Volti 12 zinapanda 230 halafu zinarudi 12, kila hatua umeme unageuka joto. Unga moja kwa moja.

Natoka Dar kwa ndege, nije na lithiamu yangu ya 30?
Hiyo ni wati-saa 384 (ampea-saa 30 mara volti 12.8 za LiFePO4), na ndege za abiria mwisho ni 160, tena kwa ruhusa ya shirika. Itume kwa basi.