Baba amebadilika baada ya kuanza dawa ya sonona: je, tuiache?

SWALI: Baba yetu ana miaka 69 na tunaishi naye Newala. Baada ya mama kufariki alinyong'onyea, akaacha kula, na daktari akamwandikia amitriptilini miligramu 25 za usiku, kisha akampandisha hadi 75. Sasa ni wiki ya tatu tangu aongezewe dozi: analala kwa saa mbili tu usiku kucha, anaongea bila kupumzika, na hela za korosho anazigawa kwa wapita njia. Anatumia pia dawa za shinikizo la damu. Je, ni dawa iliyomfanya hivi, na tuiache?

JIBU: Ndugu msomaji, upo uwezekano mkubwa kwamba dawa imechangia. Msimpe dozi ya leo usiku kabla ya kuzungumza na mtabibu aliyemwandikia, na mzee aonwe bila kuchelewa, ikiwezekana katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula. Msimnunulie diazepamu dukani ili alale, kwa kuwa kwa umri wake huongeza hatari ya kuanguka na kuchanganyikiwa.

Hali mnayoieleza inafanana na mania, yaani msisimko wa akili uliopita kiasi. Amitriptilini na dawa nyingine za kundi lake, pamoja na venlafaksini, huiamsha mara nyingi zaidi kuliko fluoxetini, ingawa hakuna dawa ya sonona isiyo na hatari hiyo kabisa. Walio hatarini hasa ni wenye bipola iliyojificha, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apitie vipindi vya sonona na vya mania, maana ugonjwa huo mara nyingi hujitokeza kwanza kama sonona. Kwa hiyo waulizeni shangazi na baba wadogo kama mzee aliwahi kuwa hivi ujanani, au kama yupo ndugu wa damu aliyepata kuugua namna hiyo.

Hata hivyo, msiridhike na kuilaumu dawa. Bipola kwa kawaida huanza katika umri mdogo zaidi, na mania inayotokea kwa mara ya kwanza katika umri wa miaka 69 humlazimu daktari kuchunguza mwili mzima: kiharusi, hasa cha upande wa kulia wa ubongo, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, dalili za mwanzo za ugonjwa wa kusahau, au dawa kama predinisoloni. Amitriptilini yenyewe inaweza pia kumchanganya mzee bila kuwa mania. Mwenye mania kwa kawaida anajua alipo na anawatambua watu wake. Aliyechanganyikiwa hubadilika mara kwa mara katika siku hiyohiyo, hajui tena ni siku gani wala yuko wapi, na huenda akaona visivyokuwepo. Akishindwa kukojoa au akiwa na homa, msisubiri kukuche.

Ikithibitika kuwa ni mania, daktari kwa kawaida huisitisha dawa ya sonona na kuanza dawa ya kutuliza, kwa wazee kwa dozi ndogo. Hapo shinikizo la damu lina uzito wake. Lithiamu ni dawa nzuri ya mania, lakini haidroklorothiazaidi na enalapril, ambazo ni dawa za shinikizo la damu, pamoja na diklofenaki ya maumivu, huipandisha katika damu hadi kiwango cha sumu, hivyo haipaswi kuanzishwa mahali ambapo kiwango chake hakipimwi wala figo hazikaguliwi. Pelekeni vidonge vyake vyote, pamoja na vile vya maumivu alivyojinunulia mwenyewe, badala ya kuvitaja kwa kukumbuka.

Katika siku hizi, mtu anayemheshimu aongozane naye kila anapokwenda benki au kwenye chama cha msingi, tena bila kubishana naye mbele za watu. Na sonona ikirudi baadaye, jambo linalotokea mara nyingi baada ya mania, asirudishiwe amitriptilini peke yake. Tukio hili liandikwe waziwazi katika kadi yake ya kliniki, pamoja na jina la dawa na dozi aliyokuwa akitumia.