Jibu: SSD ya M.2 haionekani kwenye BIOS
Habari mkuu. Kwa hiyo kwenye laptopu yako diski ya zamani inasoma, ila SSD mpya ya M.2 (ile diski ya umbo la kadi ndogo) haionekani hata kwenye BIOS, programu inayowaka kabla ya Windows. Kabla ya kufuta chochote, ichomoe hiyo SSD usome lebo: NVMe au SATA? Hizo ni njia mbili tofauti za SSD kuwasiliana na mashine. Laptopu kadhaa za miaka ya 2014 na 2015 zina tundu la M.2 linalopokea SATA tu. NVMe inaingia, unakaza skrubu, halafu kimya. Mapengo mawili kwenye pini yasikudanganye kwamba ni SATA, zipo NVMe zenye mawili pia.

Kama ni NVMe, omba dukani wakubadilishie SATA ya inchi 2.5, ikae palepale ilipo HDD, yaani diski ya zamani. Kasi yake itaishia kama MB 550 kwa sekunde, na kwa mashine ya umri huo inatosha sana. Windows mimi huhamisha kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima. SSD isiwe ndogo kuliko diski ya zamani. Modeli gani hiyo?