Majani ya muiri: kwa nini vipimo havilingani?

SWALI: Tunalinganisha majani ya miche ya kitaluni na ya miti mikubwa ya muiri (Prunus africana), mti ulio hatarini. Vipimo vya eneo la jani kwa kila gramu ya uzito wake mkavu vinapishana mno. Tunakosea wapi?

JIBU: Huenda mnachanganya majani ya juani na ya kivulini. La kivulini huwa pana lakini lenye unene mdogo, ili linase mwanga hafifu. La juani huwa nene. Miche iliyo chini ya wavu wa kivuli isilinganishwe na matawi ya juani.

Chumeni majani 10 kwa kila mti, angalau miti mitano: yaliyokomaa, yasiyoliwa na wadudu. Yafungeni kwa karatasi yenye unyevu, myapige picha siku hiyo hiyo, yakiwa bapa kando ya rula. Jani likinyauka husinyaa, na eneo husomeka dogo. Kikonyo nacho amueni mapema: ama kila jani linacho, ama hakuna. Kausheni kwa nyuzi 70 za Selsiasi kwa saa 72.

Jani la sentimita za mraba 40 lenye gramu 0.4 kavu ni sentimita za mraba 100 kwa gramu. Namba ikiwa kubwa, kwa kawaida mti umetumia mali kidogo kujenga jani la muda mfupi. Ndogo, umegharimia jani la kudumu.